Kiwanja cha Umma: Maana ya Neno na Kisa cha Gillespie Park

Makala haya yanaeleza kisa cha kiwanja kimoja cha gofu katika mji wa Greensboro, jimbo la North Carolina, Marekani: jinsi kilivyojengwa kwa fedha za watu wote, jinsi sehemu ya watu hao ilivyozuiliwa kukikanyaga, jinsi kilivyofungwa, na jinsi kilivyofufuliwa mwaka 1962 kikiwa wazi kwa kila mtu. Kisa hicho ni cha historia na cha sheria, walakini elimu ya lugha nayo ina fungu lake ndani yake. Watu sita walitiwa hatiani na mahakama, na kiini cha shauri lao kilikuwa maana ya sifa moja, ambayo kwa Kiswahili hufasiriwa kwa kawaida kuwa "-a umma". Yafaa basi kuanza na sifa hiyo.

1. Kazi za -a unganifu

Katika Kiswahili, -a unganifu hubeba kazi nyingi kwa umbo moja. Nyumba ya Juma ni nyumba ambayo Juma ndiye mwenyewe. Nyumba ya wageni si mali ya wageni. Wao ni watumiaji tu, nao huondoka asubuhi. Nyumba ya mawe ni ile iliyojengwa kwa mawe, na kiwanja cha gofu ni kile kinachochezewa gofu. Msikiaji hatatiziki, kwa kuwa maarifa yake ya dunia humwonyesha ni kazi ipi inayokusudiwa.

Tatizo huja pale ambapo kazi mbili zaweza kusimama pamoja. Kisima cha kijiji kwa kawaida ni mali ya kijiji na pia huchotwa na wanakijiji, kwa hiyo hakuna anayeuliza tofauti. Lakini neno "umma" lenyewe huonyesha kwamba kazi hizo zaweza kuachana. Mtu asemapo "mali ya umma" anataja mwenye mali. Asemapo "usafiri wa umma" anataja wasafiri, maana mabasi mengi yanayouchukua umma katika miji ya Afrika Mashariki ni mali ya watu binafsi. Umbo ni moja, na maana ni mbili: umma mwenye kumiliki, na umma wenye kutumia.

Liko na swali la tatu, nalo ni zito zaidi: umma ni nani? Neno hili lilitoka katika Kiarabu, na katika matumizi ya zamani lilitaja taifa au kaumu ya watu, hasa jamaa ya waumini. Kwa hiyo tangu asili lilikuwa neno lenye mpaka: wako walio ndani na wako walio nje. Leo aghalabu hutumika kana kwamba halina mpaka wowote. Kisa cha Greensboro kinaonyesha yanayotokea pale ambapo wenye mamlaka hulitamka neno kwa mapana yake na kulitekeleza kwa wembamba wake.

2. Dokezo juu ya istilahi

Jina la mchezo huu limeingia Kiswahili kwa sauti ya "gofu", nalo limekuta neno jingine la sauti hiyo hiyo. Gofu la kwanza ni jengo lililobomoka, kama yale yanayoonekana Kilwa na Gedi. Husemwa pia "gofu la mtu", yaani mtu aliyekonda akabaki mifupa. Maneno hayo hayana nasaba, na sarufi huyatenga: gofu la jengo lina wingi wake magofu na hupatanishwa kwa li- na ya-, lakini gofu ya mchezo haina wingi na hupatanishwa kwa i-. "Gofu limeachwa" na "gofu imeachwa" ni habari mbili mbalimbali.

Mambo mengine ya mchezo huu huelezeka bila shida. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo ili uingie katika shimo, kisha huendelea na shimo linalofuata. Kiwanja kamili kina mashimo 18, na kidogo kina 9. Mtu asiye mwanachama wa klabu hulipa ada ya siku hiyo kabla ya kucheza. Ada hiyo ina umuhimu mkubwa katika habari inayofuata.

3. Kiwanja na mkataba wake

Kiwanja cha Gillespie Park kilijengwa na mji wa Greensboro, sehemu katika ardhi ya mji na sehemu katika ardhi ya bodi ya shule za mji. Kazi hiyo ilisaidiwa na WPA, idara ya serikali kuu iliyowapa watu kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Kilikuwa na mashimo 18. Mji huo ulikuwa na wakazi Weusi wengi na vyuo vyao viwili mashuhuri. Wakazi hao walilipa kodi kama Weupe, lakini Gillespie Park kiliwekewa Weupe peke yao. Weusi walikuwa na kiwanja chao cha Nocho Park, chenye mashimo 9.

Weusi walipoanza kudai kucheza Gillespie Park, halmashauri ya mji haikuandika kanuni ya kuwakataza. Ilifanya jambo jingine. Mwaka 1949 ilikikodisha kiwanja kwa chama kilichoitwa Gillespie Park Golf Club, kwa kodi ya dola 1 kwa mwaka. Tangu siku hiyo ilisemwa kwamba kiwanja si cha umma tena bali ni cha chama, na chama kina haki ya kuchagua wanachama na wageni wake.

Ukipimwa kwa kazi za -a unganifu, mkataba huo unafahamika vizuri. Ardhi ilibaki kuwa ya mji, yaani kazi ya kumiliki haikubadilika. Kilichobadilishwa ni kazi ya kutumia: mahali pa "kiwanja cha umma" paliwekwa "kiwanja cha wanachama". Neno "mwanachama" ndilo lililofanya kazi ambayo neno "Mweupe" lisingeweza kuifanya wazi mbele ya sheria. Lakini ushahidi uliotolewa baadaye mahakamani ulionyesha kwamba Weupe wasio wanachama walicheza pale kwa kulipa ada tu, bila kuulizwa habari ya uanachama. Kwa hiyo neno "mwanachama" lilikuwa na maana moja kwa mtu Mweusi aliyefika mlangoni, na halikuwa na maana yoyote kwa Mweupe.

4. Senti 75

Tarehe 7 Novemba 1955 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi katika shauri la Holmes dhidi ya mji wa Atlanta. Alfred Holmes na wenzake walikuwa wamekataliwa mwaka 1951 katika kiwanja cha gofu cha mji huo, na mahakama za chini zilikuwa tayari kuridhika na mpango wa kutenga siku za Weusi na siku za Weupe. Mahakama Kuu haikukubali utengano huo katika viwanja vya miji.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Desemba 1955, watu Weusi sita walifika Gillespie Park. Kiongozi wao alikuwa George Simkins, daktari wa meno mwenye umri wa miaka 31. Waliomba kucheza, wakaambiwa kwamba si wanachama. Waliweka mezani ada ya senti 75 kila mmoja, wakaingia kiwanjani wakaanza kucheza. Meneja aliwafuata akawaamuru watoke, nao hawakutoka. Baadaye walikamatwa, wakashtakiwa kwa kosa la kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa.

Yapasa kutazama kwa makini tendo la kuweka senti 75 mezani. Halikuwa ombi la kupewa zawadi wala tendo la kuingia kwa siri. Kwa kulipa ada ile ile waliyolipa Weupe wasio wanachama, watu hao walidai kwamba katika "kiwanja cha umma" wao pia ni umma. Shtaka lilijibu kwamba ardhi ile ina mwenyewe, nao si wenyewe. Upande mmoja ulisoma -a unganifu kama ya kutumia, na upande wa pili ukaisoma kama ya kumiliki. Ni ajabu kwamba upande uliodai umiliki ulikuwa wa mpangaji mwenye kulipa dola moja.

5. Mahakama mbili, majibu mawili

Shauri hilo liligawanyika njia mbili. Katika mahakama za jimbo, watu sita hao walitiwa hatiani. Hukumu ya kwanza ilitenguliwa na Mahakama Kuu ya North Carolina mwaka 1957, si kwa sababu ya haki yao ya kucheza, bali kwa sababu ya jinsi jina la mwenye kiwanja lilivyoandikwa na kubadilishwa katika hati ya mashtaka. Hata mahakama ilitatizwa na swali la nani hasa aliyeingiliwa ardhi yake. Waliposhtakiwa upya kwa hati mpya, walitiwa hatiani mara ya pili na kuhukumiwa kifungo.

Wakati huo huo, Simkins na wenzake walifungua shauri la madai katika mahakama ya serikali kuu. Mwaka 1957 jaji Johnson J. Hayes aliamua kwamba walikataliwa kwa sababu ya rangi yao, na kwamba mji hauwezi kujivua wajibu wake kwa kumkodishia mtu mwingine kiwanja chake. Mahakama ya Rufani iliukubali uamuzi huo mwaka huo huo.

Basi yalikuwapo majibu mawili juu ya ardhi moja na siku moja. Kwa mahakama ya madai, watu wale walikuwa na haki ya kuwapo kiwanjani. Kwa mahakama ya jinai, walikuwa wahalifu kwa kuwapo pale pale. Rufani ya jinai ilifika hatimaye Mahakama Kuu ya Marekani kwa jina la shauri la Wolfe dhidi ya North Carolina. Tarehe 27 Juni 1960 majaji watano dhidi ya wanne waliacha hukumu isimame. Sababu yao ilikuwa ya utaratibu: uamuzi wa jaji Hayes haukuwa umeingizwa ipasavyo katika kumbukumbu za rufani iliyopelekwa mbele ya mahakama ya jimbo, kwa hiyo, walisema, haungeweza kutazamwa. Jaji Mkuu Earl Warren na wenzake watatu walipinga. Kabla watu hao hawajaanza kifungo, gavana Luther Hodges alikigeuza kuwa faini.

Mwanalugha hana haja ya kuhukumu sheria ya utaratibu. Lakini hawezi kuacha kuona kwamba haki iliyokwisha kutamkwa ilipotea kwa sababu haikuandikwa katika karatasi iliyotakiwa. Maana ya "umma" ilikuwa imeamuliwa, ila haikuwamo katika kumbukumbu.

6. Gofu la klabu

Kabla ya amri ya jaji Hayes kuanza kutumika, jengo la klabu la Gillespie Park liliteketea kwa moto mwaka 1957. Mji haukulijenga upya. Kiwanja kikafungwa, na tangu hapo hakikuwa cha Weupe wala cha Weusi. Neno la Kiswahili lenye maana ya jengo lililobomoka lilikutana hapo na jina la mchezo, bila ya mtu yeyote kukusudia.

Kufunga huko kwapasa kuhesabiwa kuwa jibu la tatu kwa swali la umma. Jibu la kwanza lilikuwa kutenga, la pili kukodisha, na la tatu kuondoa. Halmashauri ilipoambiwa kwamba kiwanja cha umma ni cha watu wote, iliona heri kisiwe cha mtu yeyote. Greensboro haikuwa peke yake. Katika miji mingi ya kusini mwa Marekani miaka hiyo, mabwawa ya kuogelea na bustani vilifungwa au kuuzwa ili visishirikiwe. Wakazi Weupe nao walipoteza mahali pa kuchezea. Methali ya Kiswahili husema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa hapakuwa na tembo wawili, bali mwenye nyasi aliyezichoma mwenyewe ili jirani asipate pa kukaa.

7. Kufufuliwa

Mji huo huo ulishuhudia mambo makubwa zaidi muda mfupi baadaye. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne Weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, wakakataa kuondoka walipokataliwa kuhudumiwa. Habari yao ilienea duniani, na habari ya wachezaji sita wa mwaka 1955 ikafunikwa na kivuli chake. Hata hivyo Simkins hakuacha kudai. Katika mwaka 1959 alikuwa amechaguliwa kuongoza tawi la NAACP la mji huo, na baadaye jina lake lilikuwa katika shauri la Simkins dhidi ya hospitali ya Moses H. Cone, lililoamuliwa mwaka 1963 na kusaidia kumaliza ubaguzi katika hospitali zilizopokea fedha za serikali kuu. Hoja ilikuwa ndugu wa ile ya kwanza: fedha ya watu wote haiwezi kujenga mlango wa watu wachache.

Tarehe 7 Desemba 1962, miaka saba kamili tangu siku ya senti 75, Gillespie Park kilifunguliwa tena kikiwa cha wote, na Simkins ndiye aliyepiga mpira wa kwanza. Kilirudi na mashimo 9, yaani nusu ya kile cha zamani. Kwa hiyo ufufuo huu si hadithi ya kurudishiwa kila kitu. Haki ilirudi nzima. Ardhi ilirudi nusu.

8. Mfano wa Langston

Ili kisa cha Greensboro kisidhaniwe kuwa cha namna ya pekee, chafaa kulinganishwa na cha Washington. Huko serikali kuu yenyewe ilikuwa na viwanja vya gofu vya umma, navyo viligawanywa kwa rangi. Chama cha wanawake Weusi cha Wake-Robin, kilichoanzishwa mwaka 1937, kilikuwa miongoni mwa waliopeleka madai kwa waziri Harold Ickes. Wizara yake huitwa ya Mambo ya Ndani, lakini msomaji wa Afrika Mashariki asidhani ni ya polisi. Kazi yake ni ardhi na mbuga za serikali. Mwaka 1939 kilifunguliwa kwa ajili ya Weusi kiwanja cha Langston, kandokando ya mto Anacostia, mahali palipokuwa pametupwa takataka. Kiliitwa kwa jina la John Mercer Langston, mtu Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kutoka Virginia kuingia Bunge la Marekani. Mwaka 1941, baada ya wachezaji Weusi kwenda kucheza East Potomac huku wakilindwa na polisi, Ickes aliamuru viwanja hivyo viwe wazi kwa wote.

Langston hakikufa baada ya milango mingine kufunguliwa. Mwaka 1955 kiliongezwa kikawa cha mashimo 18, na mwaka 1991 kiliandikwa katika daftari la taifa la mahali pa kihistoria. Mwaka 2020 kilikodishwa pamoja na East Potomac na Rock Creek kwa shirika la National Links Trust, kwa miaka 50, ili vitengenezwe upya na vibaki vya bei nafuu. Mwishoni mwa Desemba 2025 serikali iliukatisha mkataba huo, na shirika likapinga sababu zilizotolewa. Vitu viwili vyaonekana hapa. Kwanza, chombo kilichotumiwa Greensboro kuwafungia watu nje, yaani mkataba wa kukodisha, ndicho kilichotumiwa Washington kwa nia ya kuwawekea watu mahali pao. Mkataba wenyewe hauna rangi. Pili, swali la nani mwenye kauli juu ya mali ya umma halikumalizika pamoja na ubaguzi wa rangi.

9. Mafunzo kwa wafasiri na watunga kamusi

Kutokana na visa hivi yaweza kutolewa mashauri matatu. La kwanza, kamusi isiyofafanua zaidi ya kusema kwamba "-a umma" ni "-a watu wote" huficha tofauti kati ya kumiliki na kutumia. Ni bora maana hizo ziandikwe mbalimbali, kila moja na mfano wake, mathalani "mali ya umma" kwa ya kwanza na "usafiri wa umma" kwa ya pili.

La pili, mfasiri wa hati za sheria asitosheke na -a unganifu pale ambapo haki ya mtu imesimama juu yake. Kiswahili kina njia za kusema wazi: "kiwanja kinachomilikiwa na mji", "kiwanja kilicho wazi kwa kila mtu", "kiwanja kilichojengwa kwa fedha za serikali". Virai hivyo ni virefu, lakini mtu hawezi kuvipindua kwa mkataba wa dola moja bila ya upinduzi wenyewe kuonekana.

La tatu, maneno ya uanachama yachunguzwe kwa matumizi yake kabla ya fasili yake. Katiba ya chama yaweza kusema kwamba mwanachama ni mtu yeyote aliyelipa ada. Greensboro iliwahi kuwa na watu sita ambao ada yao ilikuwa mezani. Anayetaka kujua maana ya "mwanachama" katika chama kile hataipata katika katiba. Ataipata katika orodha ya waliocheza bila kuulizwa, na ya waliokamatwa baada ya kulipa.